Kunenepa na Kuvimba

VESTINE: Haloo? Ni nani iko Walikale? Haloo!

ADELAÏDE: Mama, ni mimi, Adelaïde! Ukimaliza kusema, achilia kabutoni ya hii foni ya redio, njo nami niseme.

VESTINE: Nimeachilia. Unasikia vile nimeachilia?

ADELAÏDE: (anacheka) Umefinya tena, Mama. Masisi muko muzima?

VESTINE: Tuko. Na Libérata wangu? Mujukuu anatembea?

ADELAÏDE: Alitembea, akaacha. Anapenda mugongo tu. Lakini amenenepa, Mama! Mashavu inafunika macho. Na nywele imekuwa nyekundu, laini, kama ya watoto ya wazungu waliokimbia ku independansi. Watu wanamusifu.

(Foni inakwaruza.)

ADELAÏDE: Mama? Uko?

VESTINE: Niko. Mutoto iko hapo na wewe?

ADELAÏDE: Kwa mugongo.

VESTINE: Mbona simusikie?

ADELAÏDE: Halii tena. Ni mutoto mupole.

VESTINE: (polepole) Adelaïde, maharagi nilituma na kamyo ya Nzanzu, anakula?

ADELAÏDE: Tuli... mama-mukwe aliuzisha, tukanunua sukari. Libérata anakunywa chai asubuhi na mangaribi. Na bugali ya mihogo. Mama-mukwe anasema maharagi njo inavimbishaka mutoto tumbo.

VESTINE: Na yai?

ADELAÏDE: Yai inafanya mutoto kuwa mwizi, Mama, wewe mwenyewe unajua wanavyose—

VESTINE: Na ziwa?

ADELAÏDE: Nilimutosha, hanyonyi tena. Juu niko na mimba ingine.

(Mukwaruzo murefu.)

VESTINE: Mushushe. Finya muguu yake na kidole gumba, hapo juu ya kifundo. Sema Salamu Maria mupaka nusu, kisha tosha kidole.

ADELAÏDE: Hapa mbele ya watu? Mama, kuko mustari—

VESTINE: Finya!

(Kimya.)

ADELAÏDE: Mama.

VESTINE: Sema.

ADELAÏDE: Shimo imebaki. Kidole kimetoka, shimo imebaki!

VESTINE: Hajanenepa, mwanangu. Amevimba. Ni bwaki, ugonjwa ya kukosa chakula ya nguvu. Mutoto wa jirani yetu Sebarenzi tulimuchezea ngoma ya unene, maharagi ikikomaa tulikuwa tumemuzika.

ADELAÏDE: Usiseme vile, Mama! Usi— Mama-mukwe iko mulangoni, anasikia yote.

VESTINE: Asikie! Shikamoo, Mama-mukwe! Kuku zako zinatagia nani? Adelaïde, ukitoka hapo, moja kwa moja ku dispanseri, kwa mama masœur, yule mutawa. Usipitie nyumbani. Kisha maharagi ya kuponda, sombe ya majani ya mihogo na karanga, samaki ndogo ya mutoni. Na yai. Afazali mwizi muzima.

ADELAÏDE: Na kama Straton anakataa?

VESTINE: Bwana yako atazaa Libérata mwingine na foni? Angalia kwenye mustari, nani iko na chakula?

ADELAÏDE: Régine... iko na karanga ya kuchemusha.

VESTINE: Omba. Tafuna wewe kwanza, umupatie laini, kidogo kidogo.

ADELAÏDE: Mwenye foni anasema accu, batri yake, inakufa.

VESTINE: Tafuna!

(Mukwaruzo.)

ADELAÏDE: Anageuza uso. Mama, hataki. Anaangalia tu ukuta.

VESTINE: Pakaza kwa midomo. Usimulazimishe. Mama wa Mungu... pakaza, ngoja.

(Kimya.)

VESTINE: Adelaïde? Sema kitu.

(Kimya.)

VESTINE: Adelaïde!

ADELAÏDE: Analamba. Mama, ana—

(Kilio kidogo, chembamba, katikati ya mukwaruzo.)

VESTINE: Njo nani huyo?

ADELAÏDE: Ni yeye! Nimetosha mukono kwa mudomo yake juu ya kufinya kabutoni, njo analia!

VESTINE: Achilia kabutoni! Usiseme na mimi, mupatie! Rudisha mukono!

(Kilio kinakatika. Kimya.)

VESTINE: Ni accu, ao ni wewe umeachilia?

(Kimya.)

VESTINE: Ndiyo. Nyamaza vile vile, mwanangu. Nyamaza.