Samaki Tuliyemwita Mzee

Bwana asifiwe, kanisa! Nasema asifiwe tena, maana kama si yeye, jina langu leo mngelitaja kwa kunong'ona. Mimi ni Monika, mjane wa Kashindye aliyekuwa fundi wa reli pale Tabora. Nimesimama kushuhudia habari za bwawa. Wengi mmezisikia. Wengine, nawaona mnainamisha vichwa, mlikuwepo.

Ndugu zangu, mume wangu alipenda kuvua samaki kwa kujistarehesha. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Alijifunza kwa mabwana wa reli enzi za mkoloni, akiwabebea vikapu vyao Jumapili. Alipostaafu, uhuru tumeshapata, akachimba bwawa dogo bondeni nyuma ya nyumba yetu, kando ya njia ya zamani ya misafara. Akajenga tuta la udongo wa mfinyanzi, akalipanda nyasi lisimomonyoke. Vifaranga vya perege alivileta kwa baiskeli ndani ya debe, akisimama kila mara kuyakoroga maji kwa mkono visikose hewa.

Alikuwa na sheria yake: wadogo tule, wakubwa tuwarudishe. Perege huzaana kuliko panya. Usipopunguza watoto, wote wanadumaa. Mkubwa arudi akakue, umvue tena siku nyingine, maana raha yake ilikuwa kumvuta, si kumla. Alikuwepo mmoja mkubwa kuliko wote, mdomo umechanika upande kwa ndoano. Kashindye alimwita Mzee. Kila akimvua alimshusha majini taratibu na kumwambia, "Haya Mzee, nenda, tutaonana kesho."

Kashindye akafa kwa homa. Siku ya mazishi alikuja Malogo, Mgogo wa genge la reli, mtani wetu. Akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Tukacheka huku tunalia, tukampa jogoo wake, naye akatoka na kumzika rafiki yake. Utani wetu na Wagogo mnaujua, ni wa tangu babu zetu wapagazi walipokuwa wakiomba maji kwao wakielekea pwani.

Baada ya hapo sikuweza kukaa ndani. Kila siku nilichukua fimbo ya kuvulia ya mume wangu nikaenda bwawani. Nikimvua yule mkubwa, nilimrudisha na kusema maneno yale yale: Haya Mzee, nenda, tutaonana kesho.

Ndipo Operesheni Vijiji ikaja. Mimi sikuhamishwa. Watu ndio walioletwa kwangu, kaya kwa kaya, nyumba zikapangwa mstari mpaka karibu na tuta. Walikuwa wameacha mashamba yao na makaburi ya wazazi wao, na nyumba nyingine zilikuwa hazijaezekwa. Hawakunijua. Waliona mjane asiye na mtoto, anavua samaki mkubwa, anamwita Mzee, anamrudisha majini, kisha anakwenda nyumbani kukaanga wale wadogo. Nani mwenye akili timamu hufanya hivyo?

Mvua zikagoma. Surua ikaingia, na jirani yangu Mama Tatu akampoteza Tatu mwenyewe, mtoto wake wa pekee. Neno likapita kijiji kizima: yule mama anafuga misukule! Mumewe hakufa, yumo bwawani, na sasa amemchukua Tatu! Watoto wakaacha kuniamkia. Nikipita kisimani, wanawake wanabeba ndoo zao hata kama hazijajaa. Siku moja nilimkuta Mama Tatu amesimama juu ya tuta, anayaangalia maji, anaita jina la mwanawe. Ndugu zangu, sijawahi kusikia sauti kama ile.

Asubuhi moja wakaja. Wengine wameshika majembe ya kubomolea tuta, wengine mapanga, na hayo hayakuwa ya kubomolea tuta. Mwenyekiti wa kijiji alijaribu kusema, wakamzomea. Nikapiga magoti palepale mlangoni nikasema, "Bwana, kama ni kufa, nife, ila wasinizike na jina hili!"

Mungu husikia, jamani! Habari zilikuwa zimefika kituo cha reli, na Malogo akaja mbio, jasho linamtiririka, anatukana tangu barabarani. "Mapagazi ninyi! Nani anasema Kashindye yumo majini? Kaburi lake nililipima kwa mgongo wangu, halina mlango! Haya, shemeji, mimi nina njaa. Nivulie huyo Mzee wako nimle."

Mtani hanyimwi, na akitukana hakasirikiwi, hilo walilijua wote, wenyeji na wahamiaji. Mapanga yakashuka. Macho yote yakanigeukia mimi.

Hapo ndipo iliponiuma, ndugu zangu. Mapanga sikuyaogopa kama nilivyoogopa kumtoa yule samaki. Nikashuka bwawani, wote nyuma yangu, nikafinyanga chambo cha ugali, nikatupa ndoano. Boya langu lilikuwa kipande cha bua la mtama. Nikalitazama, nikasema kwa sauti, "Bwana, mlete." Moyoni nilikuwa nasema asije.

Boya likazama. Nikavuta. Akatoka na mdomo wake uliochanika.

Malogo akampasua mbele ya watu wote. Tumbo lilikuwa limejaa mayai! Mzee alikuwa jike! Malogo akainua mkono wenye mayai akapiga kelele, "Kashindye, ndugu yangu, nani amekutia mimba huko majini?" Mtu mmoja akaguna, mwingine akacheka, kisha wote. Lakini Mama Tatu hakucheka. Alikaa chini kwenye nyasi akalia, maana sasa alijua kwamba mwanawe hayumo mle, amekufa kweli. Nikaenda nikakaa naye. Tukalia pamoja, kila mtu na wake.

Samaki alichomwa palepale. Malogo akanipa kipande cha kwanza, nikakila. Cha pili nikampa Mama Tatu kwa mkono wangu, naye akakipokea.

Ndugu zangu, uchawi haukuwepo. Lakini niseme kweli mbele za Mungu: mume wangu kweli nilikuwa namfuga mle. Kila siku nilimwambia tutaonana kesho, nikakataa kumwacha aende. Bwana aliniokoa na mapanga, akaniokoa na hilo pia, kwa kinywa cha Mgogo mwenye matusi! Asante Yesu!

Bwawa bado lipo. Mama Tatu naye ana fimbo yake siku hizi, na sheria ni ile ile. Wewe uliyeketi hapa na maiti wako mkononi, unamwita kila siku, mwamini Bwana, umkabidhi yeye. Haibi, haonei, anajua kutunza. Mimi leo nikimvua mkubwa namshusha majini taratibu, namwambia, "Haya, nenda." Naishia hapo. Ya kesho ni ya Bwana. Amina.