Zita, Binti wa Nambis na Getanuwas

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja nasi, mimi ni Julius Akonaay, baba mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mtoto wetu, ambayo ni mafupi kuliko tulivyotarajia.

Zita Basili Akonaay alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 hapa Nambis, wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa kwanza wa Basili, Mwiraqw wa kijiji hiki, na Helena, Mbarbaig wa Getanuwas, wilaya ya Hanang, na kwa kuwa baba yake ni dereva katika mashamba ya ngano ya serikali, alikulia kambini huko Hanang, likizo akiletwa huku kwa bibi yake. Nambis watoto walimwita Mmang'ati kwa sababu ya kabila la mama yake, Getanuwas wakamwita Mmbulu kwa sababu ya la baba yake, naye alijifunza kuwajibu kwa lugha zote mbili huku akicheka, ingawa mama yake anasema siku nyingine alirudi kimya, akachukua mkaa na kuchora ng'ombe ukutani mpaka chakula kikaiva.

Alisoma shule ya msingi Getanuwas kuanzia 1977 hadi 1983, akachaguliwa kuingia sekondari mjini Mbulu Januari 1984, na mauti yamemkuta akiwa kidato cha nne. Huko alitunga ngonjera na michezo ya kuigiza, na kila likizo aliwakusanya vijana wa kambini na wa wafugaji, ambao wazazi wao walikuwa hawasalimiani, akawafundisha kuigiza pamoja.

Kazi ya mshahara hakuwahi kuipata, wala hakujaaliwa ndoa na watoto, lakini kazi aliyojipa mwenyewe wengi mnaifahamu. Njia ya ng'ombe kwenda kisimani ilikuwa imelimwa, na vijana waliopitisha mifugo kwenye ngano walikamatwa na kuchapwa, hivyo Zita akatunga mchezo juu ya jambo hilo, akawaomba viongozi wa kijiji vijana wapewe nafasi ya kusema kikaoni, akaambiwa akue kwanza. Likizo iliyofuata alirudi akaomba tena.

Aliyeilima njia ile kwa trekta ni baba yake mwenyewe, kwa kutumwa kazini, na Zita alilijua hilo, ndiyo maana alitamani sana baba aje atazame. Mwaka huu mchezo ulichezwa shuleni Getanuwas, Jumapili tarehe 5 Julai, katikati ya mavuno, na Basili alimwambia kombaini hazisimami, angekuja mwakani. Zita akamjibu, "Baba, mwakani nitakuwa nimemaliza shule, na wenzangu watakuwa wametawanyika." Basili alikwenda kazini, na ameniomba niseme mbele yenu kwamba alisikia vigelegele akiwa shambani, akazima injini asikilize, kisha akaiwasha tena.

Mchezo uliwagusa waliouona, na viongozi wa kijiji na wa shamba wakakubali kuwasikiliza vijana Jumamosi tarehe 18 Julai, ambayo ndiyo leo.

Jumatatu tarehe 13 Zita alishikwa na homa kali, shingo ikakakamaa, akakimbizwa hospitali kwa gari la shamba, ikaonekana ni homa ya uti wa mgongo, na Alhamisi tarehe 16 Julai 1987, alfajiri, alifariki, mama yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, walimu na wanafunzi wenzake, majirani wa Nambis, wafanyakazi wenzake Basili, na ndugu zetu wa Getanuwas waliotembea usiku kucha kuja kumzika.

Kikao kimesogezwa hadi Jumamosi ijayo. Jana Isidori, kijana wa kikundi chake, alikuja kuuliza kama bado waende, na Basili akamwambia, "Nendeni. Na mimi nitakuja, nitakaa upande wenu, niwaonyeshe viongozi njia ilipopita kabla sijailima."

Zita mwanetu, tumechelewa kukusikiliza. Pumzika kwa amani.