Terézia, Mpeleka Barua Aliyekipunguzia Kijiji Miaka

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko, mlio jikoni mkigeuza nyama ya Jumapili na mlio ndani ya basi mkirudi mjini. Mimi ni Bohumil Stančík. Leo hatuna muziki wa kufungulia. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka Terézia Fedorčáková wa Osiečka ya Juu. Amefariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na miaka themanini na sita. Terézia, mpeleka barua wetu. Terézia, mwandishi wa Kitabu cha Kijiji cha Osiečka ya Juu kwa miaka hamsini na mitatu.

Kabla sijaenda mbali, nikiri jambo moja. Mimi ni mzaliwa wa Osiečka ya Chini. Mnatujua sisi wa Chini na wale wa Juu. Tunaoana, tunazikana, tunaazimana matrekta, lakini hatujawahi kukubaliana nani alichimba kisima cha pale njia panda. Kwa hiyo mkimsikia mtu wa Chini anamsifu mtu wa Juu redioni, jueni ameshindwa kabisa kupata pa kujificha.

Terézia alizaliwa mwaka 1938, katika nyumba ile ya mbao iliyo karibu na kiwanda cha kupasulia magogo. Baba yake alikuwa mkata miti. Alipofika miaka kumi na saba akapewa mkoba wa posta. Vijiji vitano, kilomita kumi na nane kila siku, kwa miguu. Theluji ikizidi, alifunga mbao za kuteleza miguuni akaenda hivyo hivyo. Miaka thelathini na minane alibeba ule mkoba, na hakuna barua iliyofika nyumba isiyo yake. Naomba mlishike hilo. Hakuna barua iliyofika nyumba isiyo yake.

Njiani alikuwa anauliza. Nyinyi mnajua kwetu kila kipande cha ardhi kina jina. Kuna Kwa Mjane, kuna Goti la Padri, kuna Penye Mbwa Mwitu. Wachungaji wazee walikuwa wanakufa na majina yao. Terézia akimkuta mzee anaota jua kwenye benchi, anampa barua yake, kisha anakaa. Mlima ule mnauitaje? Mpaka unapita wapi? Nani aliuonyesha? Akirudi nyumbani anaandika kwenye madaftari ya shule. Mume wake, marehemu Gregor, alikuwa akiwaambia watu wa baa kwamba ameoa mwanamke anayejua jina la kila kichaka ila hajui sufuria imeungua.

Mwaka 1971 mwalimu mzee aliyekuwa mwandishi alianza kutetemeka mkono, wakampa Terézia Kitabu cha Kijiji. Sasa hapo ndipo penye uzito, wasikilizaji wapendwa. Kitabu cha Kijiji si daftari la mtu. Kurasa zake zina namba. Kina muhuri. Huandikwa kwa wino, na kila mwaka husomwa mbele ya baraza. Atakachokiandika mwandishi ndicho watakachokiamini wajukuu. Terézia alilijua hilo, na maisha yake yote alitaka kitu kimoja tu: mtu afungue kile kitabu baada ya miaka mia, asome, na aamini.

Haikuwa rahisi. Mwaka 1977 mkuu wa ushirika wa kilimo alimtaka aandike kwamba viazi vyote vimevunwa kabla ya wakati. Terézia akaandika hivi: "Viazi vimevunwa vyote. Nusu tumevuna sisi, nusu imevuna baridi." Mkuu akaja juu, akamwambia auchane huo ukurasa. Akamjibu kwa upole kwamba ukurasa una namba, na ukichanwa, watu watauliza yule aliyeuchana alikuwa anaficha nini. Ukurasa upo mpaka leo. Nimeusoma mwenyewe.

Haya. Tuje kwenye jambo lenyewe, maana najua kuna watu huko Juu wanasubiri waone kama nitalitaja. Nitalitaja.

Mwaka 1991 Terézia alipata nakala ya waraka wa zamani, wa Kilatini, unaotaja kijiji kiitwacho Osiečka. Mwaka wa waraka ulikuwa 1391. Alikuwa ameomba ukurasa wenye jina, akaletewa ukurasa wenye jina. Mmoja. Akaandika kitabuni kwamba Osiečka ya Juu imetajwa kwa mara ya kwanza mwaka 1391. Lo, tuliumia! Sisi wa Chini tulikuwa na mwaka wetu, 1478, na tulikuwa tukitembea nao kifua mbele. Ghafla tukawa wadogo kwa miaka themanini na saba. Wa Juu wakasherehekea miaka mia sita. Kuanzia hapo wakatuita watoto. Kwenye mpira, kwenye harusi, hata kwenye foleni ya mkate: haya, watoto, wapisheni wazee. Tuliitwa hivyo miaka ishirini na mitano.

Kisha ukafika mwaka 2016. Miaka mia sita ishirini na mitano. Mwenyekiti wa kijiji cha Juu, Vendelín Chovanec, aliandaa sherehe ambayo wilaya hii haikuwa imeiona. Waliozaliwa huko waliitwa kutoka Ostrava, kutoka Košice, mpaka Marekani. Jiwe kubwa likaletwa kutoka machimboni, likasimamishwa mbele ya ukumbi wa kijiji, limechongwa 1391. Terézia akaona si vibaya wakitundika ukumbini nakala nzuri ya waraka. Akaandika barua kwenye hifadhi ya nyaraka. Safari hii wakamletea kurasa mbili.

Alizipeleka kwa padri amsomee Kilatini. Ukurasa wa pili ulitaja vitu ambavyo Osiečka ililazimika kumpelekea bwana wake. Mapipa kumi na mawili ya mvinyo. Na ushuru wa kivuko cha mtoni.

Mvinyo, wasikilizaji wapendwa. Kwetu! Kwetu zabibu haiivi hata uipigie magoti. Na kivuko kipi? Kijito chetu bata wanakivuka kwa miguu. Ile ilikuwa Osiečka nyingine, ya kusini, kwenye mto mkubwa, mwendo wa siku tano kwa farasi. Waraka wa kwanza unaoitaja kweli Osiečka ya Juu ni wa mwaka 1549. Miaka mia moja hamsini na minane imepotea. Na sherehe ilibakiza siku tisa.

Binti yake, Lýdia, amenisimulia juzi, machozi na kicheko vikipishana. "Mama alirudi kutoka kwa padri, akakaa mezani bila kuvua koti. Nikamuuliza nani amekufa. Akaniambia, 'Hajafa mtu. Nimewadanganya watu miaka ishirini na mitano.'"

Jioni hiyo hiyo mwenyekiti akafika na chupa ya pombe ya plamu. Alikuwa amekwisha kusikia. Alizungumza vizuri, maana Vendelín ana mdomo. Alisema wageni wako njiani. Alisema jiwe limekwisha kuchongwa. Alisema mtu wa mwaka 1391 hatafufuka kuja kulalamika, na kwamba watarekebisha vuli, kimyakimya, wageni wakishaondoka.

Lýdia alikuwa pale, anakunja nguo. Anasema mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu hivi: "Vendelín, mwanangu, mimi ndiye niliyekuletea barua ya jeshi. Mimi ndiye niliyekuletea barua za Hedviga kabla hajawa mkeo. Niliwahi kukuletea ya mtu mwingine? Huu mwaka wa 1391 ni barua ya watu wengine. Nimeileta nyumba isiyo yake. Lazima irudi, na irudi kabla hamjaifungua mbele ya wageni."

Vendelín akaondoka na chupa yake.

Siku ya sherehe mimi nilikuwepo. Redio ilinituma. Masufuria ya mchuzi wa nyama yanatokota, akina mama wamevaa nguo za asili, watu mia nane uwanjani. Terézia alikuwa kwenye ratiba, asome historia fupi. Akapanda jukwaani na koti lake la posta alilozoea kuvaa kanisani, akashika kipaza sauti. Akasema: "Mimi ndiye niliyewaambia 1391. Nilikosea. Nilisoma ukurasa mmoja na waraka una kurasa mbili. Kijiji chetu ni cha mwaka 1549. Dolná Osiečka ni wakubwa wetu kwa miaka sabini na mmoja, na nawaomba radhi."

Alituita kwa jina letu kamili, Dolná Osiečka, kama linavyoandikwa kwenye mihuri. Kisha mtu mmoja akacheka kwa sauti. Ni aibu kusema, lakini mtu huyo ni mimi. Nilicheka mpaka kifaa cha kunasa sauti kikanitoka mkononi.

Yeye hakucheka. Alishuka, akaenda kukaa peke yake kwenye benchi la mwisho, na hakuna aliyemfuata.

Adhabu yake mnaijua, maana kwetu adhabu kubwa si matusi. Waliacha kumsalimu. Mwanamke aliyegonga kila mlango miaka thelathini na minane alikuwa anapita barabarani, watu wanaangalia viatu vyao. Kwenye ibada hakuna aliyekaa benchi lake. Jiwe nalo waliligeuza, likachongwa 1549 upande wa pili, kwa hiyo mpaka leo limeipa barabara kisogo. Lýdia alimsihi ahamie kwake mjini. Alikataa. Alisema akihama, watadhani anaona haya kwa kusema kweli, kumbe haya yake ni kwa kutousoma ukurasa wa pili. Aliandika yote hayo kitabuni, kwa wino, ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili: kosa, jina la aliyekosea, na jina lenyewe ni lake.

Miaka mitatu alikaa hivyo. Miaka mitatu bila salamu. Mimi ningehama wiki ya pili.

Kisha, mwaka 2019, likaja suala la msitu. Osiečka ya Juu wana msitu wao wa pamoja, wa mababu, kila nyumba ina fungu lake. Kampuni moja ya mbao ikadai kwamba hekta sitini juu ya Goti la Padri si zao. Ilikuwa na ramani. Kijiji hakikuwa na ramani. Kilikuwa na madaftari ya Terézia na Kitabu cha Kijiji, ambamo mwaka 1973 aliandika mpaka kama alivyoonyeshwa na wachungaji wawili: kutoka chemchemi, kupitia jiwe lenye msalaba, mpaka bonde la Penye Mbwa Mwitu.

Mahakamani, Terézia akiwa na miaka themanini na mmoja, wakili wa kampuni akainuka. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anafanya kazi yake. Akasema vitabu vya vijiji vyote vinafanana. Vinaandikwa na wenyeji kwa ajili ya wenyeji. Kila kijiji hujisifu, kila kijiji hujiongezea. Nani atauamini mpaka ulioandikwa na mtu wa kijiji kile kile?

Terézia alinyoosha mkono kuchukua fimbo yake. Aliyesimama ni Vendelín Chovanec. Yule yule wa chupa. Yule yule aliyekaa miaka mitatu bila kumwambia mama aliyemletea barua hata habari za asubuhi. Nimesoma maneno yake kwenye kumbukumbu za mahakama, nayasoma kama yalivyo:

"Mheshimiwa hakimu, huyu mama alitunyang'anya miaka mia moja hamsini na minane mbele ya wageni wetu wote. Nilimpigia magoti asiseme, akasema. Fungua ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili. Mtu huyu hawezi kutuongezea hata mti mmoja."

Hakimu alifungua ukurasa. Alisoma. Wanasema alisoma mara mbili. Hekta sitini zimebaki kwa Osiečka ya Juu, na ziko pale leo, nendeni mkaone.

Siku walipotoka mahakamani, basi lilisimama kijijini, watu wamejipanga barabarani. Hakukuwa na hotuba. Terézia alipita katikati yao na fimbo yake, na mmoja baada ya mwingine wakamsalimu. Nyumba mia moja na nne. Lýdia anasema alimjibu kila mtu, kwa jina lake, na safari ya dakika tano ikachukua saa nzima.

Nilimuuliza Lýdia kama mama yake hakuwahi kukosea tena. Akanijibu: "Kwenye chumvi, kila siku. Kitabuni, mara ile tu."

Ijumaa tulimzika. Sisi wa Chini tulipanda kilima, kijiji kizima, kwa miguu, bendi yetu ikiwa mbele. Vendelín alibeba jeneza upande mmoja, na mwenyekiti wetu upande mwingine. Niseme wazi: najivunia kwamba mwanamke huyu aliwahi kutuletea barua. Ningejivunia zaidi kama angezaliwa kwetu, lakini alizaliwa kwao, na hilo siwezi kulibadilisha.

Kwako Lýdia, kwa wajukuu Kamil na Blažena, na kwenu nyote wa Osiečka ya Juu, pokeeni pole zetu, mimi na wenzangu hapa studio. Mungu amlaze mahali pema.

Na kwenu mnaonisikiliza, niwaachie jambo la kufikiri. Jana usiku baraza la kijiji chetu, Osiečka ya Chini, lilikutana. Hakuna aliyetushitaki. Hakuna aliyetuuliza lolote. Lakini mtu mmoja aliuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuusoma ule waraka wetu wa 1478 wote, mpaka mwisho. Hakuna. Asubuhi hii tumeandika barua kwa hifadhi ya nyaraka, tumeomba kurasa zote, na bahasha ikifika, itafunguliwa uwanjani, na waraka nitausoma mimi, kwenye kipaza sauti, vyovyote utakavyosema.