Siri ya Wodi Nzima

Jumapili tarehe thelathini Desemba 2007, matokeo ya kura yalipotangazwa na mtaa wa Kibera kuwaka, jiwe lilimvunja mguu mume kiziwi wa Nanyama. Sasa Nanyama alikuwa akimsimulia mama aliyekaa naye kwenye basi la kwenda hospitali. Mzee Kitheka, abiria wa kiti cha nyuma yao, alitega sikio.

"Mimi ndiye humtafsiria kwa mikono, lakini daktari alinitoa nje. Ati mambo ya mgonjwa ni siri. Akavuta pazia, halafu akamfokea maswali."

"Woi, mpaka mochari walisikia," mama akacheka.

"Wote, isipokuwa mwenye mguu. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, kwa heshima."

Kitheka alicheka kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Wanaotunga sheria hizo za siri, akawaza, wao hutibiwa ng'ambo.

Basi likasimama. "Leo wanampasua," Nanyama akasema akishuka. "Wanasema alikubali. Sasa dada, alikubali waunge mguu ama waukate?"