Sanduku Lenye Kufuli

Mwaka huo wa 1954 nilipanda basi la Kitale kwenda Bungoma, nikakaa nyuma ya bwana mmoja wa tai. Stendi nzima ilikuwa imemsikia akimwonya mchukuzi wa mizigo asikwaruze sanduku lake jeusi, ati limejaa suti. Kando yake alikaa mama mmoja wa kutoka Sirisia, akimsimulia jinsi paa la nyumba aliyopanga lilivyovuja juu ya sanduku lake yeye mwenyewe.

"Si mwenye nyumba ako na bima?" bwana akauliza.

"Ako nayo. Anasema ni ya mabati yake, si ya vitu yangu. Sasa wamama wa kanisa wakaja nikiwa kazini, wakavunja kufuli ya sanduku wanisaidie kuanika vitu."

"Wakapata nini?"

"Magunia." Akavuta leso mpaka machoni. "Na miaka yote nawaambia ni blanketi. Waliyaanika uani moja moja, na hakuna mtu alicheka. Afadhali wangecheka."

"Ati magunia! Mtu mzima, mama?" Bwana akatugeukia tumuunge mkono. Mimi niliitikia kwa kichwa, Mungu anisamehe.

Mvua ikatukuta Kamukuywa. Basi likasimama, kondakta akapanda juu kufunika mizigo.

"Hii sanduku nyeusi ni ya nani?" akaita. "Mbona nyepesi hivi? Iko na kitu kweli?"

Basi zima likamgeukia bwana wa tai. Bwana aliinamia viatu vyake.

"Ni yangu," mama akajibu. "Wacha tu inyeshewe."