Mama Rambirambi na Programu Inayozimika Ghafla

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi, mpokeaji wetu wa taarifa za hitilafu anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Ofisi nzima humwita Mama Rambirambi, na mwenyewe hajawahi kulalamika.

Kwa wasioifahamu kazi yake: programu yetu huria ya kuandikia, ambayo kila mtu huipata bure, ina tabia ya kuzimika ghafla. Ikizimika, humwuliza mtumiaji kama anaruhusu taarifa ya tukio itumwe kwetu. Akikubali, taarifa hujituma yenyewe, pamoja na maoni yake kama anayo. Mafundi husoma taarifa. Mama Rambirambi alisoma na maoni. Yapo ya adabu, na yapo ya yule aliyeandika "Mungu anawaona" akaishia hapo. Wote aliwapa pole kwanza, ndipo akawauliza walibonyeza nini. Mwalimu mmoja alijibu kuwa alibonyeza kila kitu, mpaka swichi ya ukutani. Alimpa pole ya pili.

Kisha mkuu wa mafundi akataka lile swali la ruhusa liondolewe. Hoja yake haikuwa mbaya: wengi hukataa bila hata kusoma, na makosa yanabaki palepale. Mama Rambirambi akasimama kikaoni, akasema taarifa zile hubeba pia vipande vya maandishi ya watu.

"Nionyeshe kimoja," mkuu akamwambia.

"Siwezi, baba. Hizo ni siri za watu."

Kikao kikacheka. Anayeficha ushahidi wake mwenyewe hana kesi, na ilionekana wazi kuwa ameshindwa. Akaenda kwenye kompyuta iliyokuwa mbele ya wote, akaandika: "Mkwe wangu anakoroma mpaka majirani wanahama." Akaizimisha programu, jambo ambalo, tuseme ukweli, halikumtoa jasho. Akafungua taarifa. Katikati ya tarakimu na alama, mkwe alikuwemo, anakoroma.

Hakuna aliyecheka tena. Swali la ruhusa likabaki, na mkuu akaiziba kwa mkono wake ile njia iliyopenyeza maandishi ya watu kwenye taarifa, akaomba radhi mbele ya wote. Mkwe naye alipata habari. Binti yake Mama ndiye aliyewapatanisha.

Lakini haki ina gharama. Taarifa zote za zamani, kwa kuwa zilibeba maandishi ya watu, ilibidi zifutwe, zikiwemo maelfu ambazo Mama Rambirambi alikuwa amezipanga kwa miaka, jasho lake lote. Mkuu akajitolea kuzifuta ili kumpunguzia uchungu. Mama akakataa.

"Nimezipokea mimi, nitazizika mimi."

Akabonyeza. Akakaa akitazama kioo kitupu, nasi tukajifanya tuna kazi nyingi. Halafu akaenda kuosha vikombe, hata visivyokuwa vyake. Asubuhi yake iliingia taarifa mpya, ya mtu mwenye hasira. Akavuta kiti, akaanza: pole sana.

Sasa anakwenda kushona nguo na dada yake mkubwa. Anasema cherehani ina ustaarabu: ikikwama, inakwama mbele ya macho yako, na wa kumlaumu mmekaa naye benchi moja. Dada mtu ameshatuuliza kama huwa anachagua maneno anapolaumu. Tumemjibu kuwa huanza na pole.

Ahsante, mama, kwa kuwasikiliza watu ambao sisi tuliwaona kama namba. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na uzi usiokatika.