Prosesa ya Sarmad Inachemka

Katika mtaa wa kompyuta wa Baghdad kuna benchi moja la mbao mbele ya meza ya chai, na wanaolikalia wanaweza kukosa kazi, wakakosa umeme, lakini jibu hawakosi. Asubuhi ile ya Julai, saa tatu haijatimia na lami imeshaanza kulainika, Sarmad alitoka dukani mwake amekumbatia kompyuta ya dada yake kama mtu aliyebeba mgonjwa, waya mrefu ukimfuata nyuma. Dada huyo, Rusul, alikuwa anamaliza chuo cha usanifu wa majengo. Filamu ya jengo lake ilitakiwa mezani kwa walimu saa kumi alasiri. Akichelewa, anarudia mwaka. Kwa kasi ya kawaida kompyuta ingemaliza kuipika filamu hiyo, kuichora picha moja moja, saa kumi na mbili jioni. Ikiongezewa kasi, saa tisa na nusu. Na Sarmad ndiye aliyejigamba mbele ya familia nzima, mkate mdomoni: "Niachieni mimi." Sasa alikuwa anaona haya hata kumtazama dada yake, maana kila alipoipandisha kasi, prosesa ilifika digrii mia moja na mashine ikajizima.

— Mara ya tatu hii, alisema akiiweka juu ya benchi. Dakika nane tu, inakufa. Na hiki kipoozeo cha prosesa nimekinunua jana, kipya, kizito kama tofali!

Wa kwanza kuinama alikuwa Baba Feni. Anauza feni, na hajawahi kuona ugonjwa ambao feni haiuponyi.

— Ndugu yangu, hapa feni ngapi?

— Tatu.

— Ndiyo maana! Weka saba. Mbili zivute, mbili zisukume, tatu zisimamie kazi.

— Zisimamie nini, wewe? aliuliza Haji Barafu, muuza mapande ya barafu wa pale pembeni. Hewa yenyewe ya moto. Utaisukuma iende wapi? Mimi nakupa pande moja, Sarmad, bure. Liweke mbele ya mashine.

— Na maji yake?

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Haji, hii ni kompyuta! Ikioga tumekwisha.

Rusul alikuwa amesimama mlangoni mwa duka, simu mkononi, macho kwenye saa.

— Sarmad, imebaki saa saba na dakika chache.

— Nimekusikia. Tulia, wataalamu wako kazini.

Mtaalamu mkuu alikuwa bado hajanena. Huyu wanamwita Mhandisi kwa sababu aliacha uhandisi mwaka wa pili, na tangu hapo hajaacha kuufundisha. Alimaliza kwanza chai yake, akakikung'uta kikombe, ndipo akasema:

— Fungua kipoozeo. Niione grisi.

Sarmad akalegeza skrubu nne, akakibandua kipoozeo na kukigeuza. Ile grisi nyeupe ya kupitishia joto ilikuwa imetandazika vizuri. Mhandisi akaifuta kwa karatasi, akaitazama shaba ya chini yake ikimetameta.

— Umeweka kiasi gani?

— Punje ya dengu.

— Dengu! Umeipikia mchuzi? Haba na haba hujaza kibaba, bwana. Mimina bomba zima.

— Grisi ikizidi, joto halipiti, alisema Sarmad. Hilo nalijua.

— Basi unajua, na inachemka. Mimi sijui, na yangu haichemki.

— Yako haiwaki, Mhandisi, alisema Baba Feni, na benchi zima likacheka.

Haji Barafu alikuwa amesogeza uso karibu na shaba.

— Hapa chini kuna maandishi mekundu. Kichina hiki. Yanasemaje?

— Jina la kiwanda, alisema Mhandisi bila kupepesa. Ukiyaona hayo, ujue mali si feki.

Hapo mambo yakaanza kupanda ngazi. Baba Feni alisema kosa ni umeme: saa hizi mtaa unatumia jenereta, na umeme wa jenereta unatoka kwenye dizeli, una joto lake, ule wa taifa unatoka mtoni, umeshapoa njiani. Haji akaapa kwamba binamu yake wa Basra alitumia ufuta wa kusaga badala ya grisi, na mashine yake haijawahi kulalamika. Mhandisi akasikitikia ujinga wao wote wawili.

— Tatizo ni kwao, alisema. Hii prosesa imezaliwa nchi ya baridi. Haijazoea. Dawa ya moto ni moto. Ipandishe juu ya paa, ilale juani mpaka adhuhuri. Ikishuka hapo, digrii mia itaiona ni kipupwe.

— Hapo umenena, alisema Haji.

Jambo la kutisha ni kwamba Sarmad alitazama paa. Alikuwa ameshafika mahali ambapo mtu huona kila mlango ni mlango wa kutokea. Akamwona Rusul anajifuta macho kwa pembe ya shela, na moyo ukamuuma kwelikweli.

Ndipo mama yao akatokea na sufuria ya mayai na tende, maana alijua hakuna aliyekula. Mama Sarmad anajulikana mtaa mzima kwa kochi lake: mwaka wa kumi na moja huu, nailoni ya dukani haijatoka. Rimoti ina nailoni, meza ina nailoni, hata kiti cha dukani kwa Sarmad alikivika yeye. Akaitua sufuria, akakichukua kile kipoozeo, akapitisha kucha juu ya shaba. Uso ukamchangamka.

— Ah! Mwanangu umelelewa. Hata hiki umekiachia nailoni yake.

— Kitu kipya hicho, mama, alisema Sarmad. Nitakivuaje nguo siku ya kwanza?

— Vizuri sana.

Mama akafikiri kidogo. Akakigeuza tena.

— Sasa nielezeni nyie mliosoma. Kwenye kochi langu mgeni akikaa dakika tano, mgongo wote jasho, joto halina pa kupita. Hapa linapitaje?

Baba Feni akaangalia feni zake. Haji akakumbuka barafu yake inayeyuka. Mhandisi akainua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu.

Sarmad alishika ncha ya ile nailoni, akaivuta, ikatoka yote pamoja na maandishi yake mekundu. Aliivuta polepole, kama anachana kochi lenyewe. Akaweka grisi mpya, punje ya dengu, akafunga skrubu, akaiwasha, akaipandisha kasi. Dakika nane zikapita, haikujizima. Dakika ishirini. Digrii sabini na nne, na hapo ikakaa.

— Si nilisema tufungue kipoozeo? alisema Mhandisi.

Saa tisa na dakika arobaini Rusul alikimbilia teksi, filamu mkobani, na kabla ya saa kumi akapiga simu: imepokelewa. Sarmad akaketi benchini karibu na mama yake, aliyekuwa ameikunja ile nailoni vizuri na kuitia mfukoni.

— Mama, alisema taratibu. Na kochi je?

— Kochi halina mtihani, mwanangu. Kunywa chai.